Karatasi ya Moyo wa Mume Wangu

Mwaka mzima nililima peke yangu, na sababu yake nilikuja kuijua ndani ya chumba cha daktari, Tororo.

Mume wangu alipata shambulio la moyo akipakua mihogo sokoni, upande wa Kenya. Hospitali ya huko haikuchelewa; walimchoma dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, akapona. Tuliporuhusiwa tukapewa karatasi nyembamba yenye vimilima, ile iliyotoka kwenye mashine ya kupima moyo baada ya dawa. Muuguzi akasisitiza tusiipoteze, maana daktari yeyote atataka kuilinganisha na mpya.

Kwetu Sikuda, upande wa Uganda, karatasi ya maana haikai hivi hivi. Cheti cha ubatizo, makubaliano ya shamba, vyote hupelekwa mjini Busia kutiwa lamineti, yaani kufunikwa plastiki kwa mashine. Na hii mume wangu akaipeleka mwenyewe, siku niliyokuwa palizini. Alirudi na bahasha iliyogundishwa, akaiweka chini ya godoro. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa. Asubuhi kiti, jioni kiti. Ng'ombe wa kulimia akamwachia ndugu yake. Nikimwambia, Baba, hata kuku basi waangalie, ananijibu kwa upole uliozidi kunikera. Nilikuwa nimemchoka, niseme ukweli.

Juzi akaanza kuhema akienda chooni tu, nikamkokota hadi Tororo. Daktari alimpima, akaikodolea macho karatasi mpya.

"Mzee, nipe ile ya kwanza."

Akatueleza kwamba mtu akishikwa na moyo, mstari fulani kwenye karatasi huinuka. Ukishuka vizuri baada ya dawa, kuna matumaini kwa miaka ya mbele. Ukigoma kushuka, moyo umeumia sana. Wa mume wangu, kwenye karatasi mpya, ulikuwa bado juu kidogo. Bila karatasi ya zamani hakuweza kusema kama hilo ni kovu la mwaka jana au ni jambo jipya.

Bahasha niliyokuwa nimeitoa chini ya godoro niliichana mimi. Ndani mlikuwa na karatasi nyeusi tii, imefunikwa plastiki safi kabisa.

"Ni moto ya mashine ya lamineti," daktari akasema, akashika kichwa. "Karatasi hii haitaki moto."

Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. "Hata mwenye duka la lamineti alisema ni moto tu. Lakini mama watoto, mimi naona ile nyeusi, roho inaniambia, basi, moyo wako umekwisha, jibu yako ndiyo hii."

Daktari akaipiga picha karatasi mpya kwa simu yake, akanikabidhi. "Basi ya leo ndiyo ya kwanza. Kunywa hizi dawa, tembea kidogo kila siku, mrudi mwezi ujao. Leo siwezi kuwaambia zaidi."

Nilitaka kupiga kelele. Misimu miwili mgongo wangu umekatika kwa sababu ya joto la mashine ya dukani. Nilikwenda pale nikiwa tayari kwa jibu lolote, aishi au nijiandae. Sikuwa tayari kusubiri tena.

Nje mume wangu akanyoosha mkono aipokee karatasi mpya. Nikaitia kwenye mkoba wangu.

"Hii nakaa nayo mimi."

Alitembea mbele yangu polepole hadi barabarani, akasimama, akavuta pumzi.

"Kesho nakwenda mpaka kwa bomba ya maji," akasema. "Kama utanisindikiza."

Nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa. Nikamwambia nitamsindikiza.