Kitabu cha Madam Priscah na Maoni ya Darasa

Kitu cha kwanza Zack Nyaberi alichokiona kwa mwalimu wake wa biokemia kilikuwa miguu. Juu, mwalimu alivaa koti jeupe la maabara, limepigwa pasi likanyooka. Chini, alivaa gambuti nyeusi zenye matope ya zizini. Alikuwa ametoka kukamua, na kipindi kilianza saa mbili kamili asubuhi.

"Msinishangae," aliwaambia wanafunzi wapya, akipangusa ubao kwa kiganja. "Ng'ombe hasomi ratiba ya chuo. Haya, nani anaweza kuniambia maziwa ni nini?"

Kila mmoja aliyajua maziwa tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuulizwa ni nini.

Huyo ndiye Priscah Chepngeno, ambaye chuo kizima kilimwita Madam. Alizaliwa upande wa Bomet, katika shamba dogo la majani chai, na karo yake yote ilitoka kwenye kikapu kilichobebwa na mama yake mgongoni. Alisoma hadi Nairobi, akarudi, akafanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda cha chai. Kisha, siku moja, aliacha kazi hiyo akaenda kufundisha katika chuo kidogo si mbali na Kedowa, mahali wanapofunzwa wasaidizi wa maabara. Majirani walisema amerogwa. Mtu gani huacha mshahara wa kiwanda akafuata vumbi la chaki? Yeye alijibu kwamba amekaa na majani ya chai muda mrefu na hayajawahi kumuuliza swali hata moja.

Wanafunzi wake waliuliza, tena sana, kwa sababu kitabu walichokuwa nacho hakikuwasaidia. Kilitoka ng'ambo, kinene kama tofali, na maktaba ilikuwa na nakala chache zilizogombaniwa na darasa zima. Walikiita Jiwe. Maoni yao juu ya Jiwe hayakuhitaji kutafutwa. Ulikaa tu kantini ukayasikia.

"Jiwe ni kitabu kizuri," Bethwel Kipngeno alizoea kusema, akipuliza chai yake. Alikuwa kijana mrefu wa Kipkelion, na hakuweza kumaliza sentensi bila mzaha. "Mlango wa bweni letu haufungi. Tangu niazime Jiwe, unafunga."

"Mimi nimerudia ile sura ya kuchachusha divai wiki nzima," Esnah, msichana wa darasa lao, aliongeza. "Sijui kama nimeelewa au nimelewa."

"Wewe divai umeiona wapi?"

"Kanisani. Na ilikuwa Ribena."

Madam alizisikia kelele hizo, akaamua kuandika kitabu chake mwenyewe. Aliandika kwa mwaka mmoja na zaidi, kwa Kiingereza chepesi, akapiga chapa kwenye stensili na kuzungusha mtambo wa chuo wa kurudufia kwa mkono wake mwenyewe, hata vidole vyake vikawa vyeusi kama vya fundi wa baiskeli. Mwaka 1995, darasa la akina Zack likawa la kwanza kukipata: bunda la karatasi zilizobanwa kwa pini, zikinuka wino.

Zack alifungua sura inayoeleza jinsi chembe hai inavyotoa nguvu kutoka kwa chakula, ule mzunguko mrefu ambao katika Jiwe ulimfanya alale. Madam alikuwa ameueleza kwa raundi ya kuchuma chai. Mchumaji anaanzia kichaka cha kwanza, anajaza kikapu, anakwenda kupimisha, anarudi na kikapu kitupu, na siku zinapotimia yuko tena kwenye kichaka kile kile, nacho kimechipua upya. Ndivyo ilivyo ile molekuli inayouanza mzunguko: hubeba mzigo, huutua kidogo kidogo njiani, hurudi ilikoanzia ikiwa tayari kubeba tena.

Zack alisoma ukurasa huo mara mbili. Mama yake alikuwa mchumaji katika shamba moja kubwa la chai karibu na Kericho, na Zack mwenyewe alizaliwa katika laini za nyumba za wafanyakazi huko, baada ya wazazi wake kuhama kutoka Kisii. Kwa mara ya kwanza maishani alimwona mama yake ndani ya kitabu cha sayansi. Tangu siku hiyo, angekipigania kitabu kile kwa ngumi.

Ila kulikuwa na sura moja iliyomshinda. Ilikuwa sura ya uchachu, yaani jinsi vyakula vinavyochacha. Pale penye divai katika Jiwe, Madam alikuwa ameweka mursik, maziwa ya Wakipsigis yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa. Kurasa zote za sura hiyo zilikuwa mursik: jinsi kibuyu kinavyosuguliwa, mkaa unatoka mti gani, ladha inabadilika vipi. Wenzake walisoma wakitabasamu, kwani walikuwa wakisoma habari za jikoni kwao. Zack hakuwahi kuosha kibuyu. Aliikariri sura ile neno kwa neno, kama alivyokariri divai, akapita mtihani na kunyamaza.

Sasa ikatokea kwamba kampuni moja ya uchapishaji ya Nairobi ikapata habari za kitabu. Mhariri alipiga simu katika ofisi ya mkuu wa chuo, akasema kitabu kinapendeza, lakini kamati yao haichapishi kitabu cha chuo bila maoni ya wanafunzi waliokitumia. Madam alitoka ofisini akitembea upesi kuliko kawaida. Zack, ambaye alikuwa kiongozi wa darasa, akapewa kazi ya kukusanya maoni.

Aliyakusanya kwa siku moja. Kitabu ni kizuri. Kitabu ni kizuri sana. Mungu ambariki mwandishi. Bethwel aliandika, "Kitabu hiki hakina dosari, kama mwenyewe." Zack naye aliandika kwamba sura zote zinaeleweka vizuri, hata ile ya uchachu.

Wiki iliyofuata mhariri alipiga simu tena. Madam alirudi darasani, akasimama mbele yao, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Amesema nimemtumia salamu za arusi," aliwaambia. "Amesema hakuna kitabu kisicho na kasoro. Ikiwa hamkuona hata moja, basi hamkukisoma. Na kama hamkukisoma, wao hawakichapishi. Kamati inakaa mwisho wa mwezi. Wakikataa sasa, karatasi zenu hizo ndizo za mwisho. Stensili zimechakaa, na watakaokuja nyuma yenu watarudishiwa Jiwe."

Nje, mtu alikuwa akifyeka nyasi.

"Semeni basi. Ni wapi pabaya?"

"Hakuna, Madam," darasa lilijibu kwa pamoja, kama kwaya.

Ungewalaumu? Walikuwa watoto waliolelewa vizuri. Mtu wa umri wa mama yako akikupikia, unakula, unashukuru, unanawa mikono. Humwambii chumvi imezidi.

Jumamosi hiyo Zack alikwenda nyumbani, akamweleza mama yake jambo lile. Mama alikuwa akichambua mboga mlangoni. Hakuinua macho.

"Wewe kuna kitu umeona kwa hicho kitabu?"

"Kiko kimoja, mama."

"Kinahusu nini?"

"Maziwa yao."

Mama akaacha mboga. Miaka michache iliyopita kulikuwa na siku ambazo watu wa laini zile walilala wamevaa viatu, tayari kukimbia mapigano ya kikabila, na hakuna aliyependa kuzizungumzia. "Zack baba," alisema polepole, "huyo mwalimu ni mtu mzuri. Anakufundisha bila kukuuliza kwenu ni wapi. Sasa wewe uende ukamwambie maziwa yao yamezidi? Mgeni hakosoi chungu cha mwenyeji."

"Lakini mimi nimezaliwa hapa."

"Najua. Nilikuwepo," mama alisema, na wote wawili wakacheka, ingawa jibu halikuwa limepatikana.

Jumatatu Madam aliingia darasani na kibuyu kirefu chini ya kwapa, na vikombe vya plastiki vilivyopandana mkononi. Bethwel alipiga mluzi. Madam alikaa juu ya meza, jambo ambalo hawakuwahi kumwona akilifanya, akakitikisa kibuyu, akamimina mursik kidogo, ya kijivu, nzito, na kabla ya kumpa mtu yeyote akainywa mwenyewe mbele yao.

"Kwa nini nimekunywa kwanza?" aliuliza.

"Una kiu, Madam," Bethwel alisema.

"Kaa chini. Esnah, umekaa na sisi Wakipsigis siku nyingi, unajua?"

"Mwenye maziwa huonja kwanza," Esnah alijibu. "Ndio mgeni ajue ni salama."

"Ndiyo. Mama yangu hajawahi kumpa mgeni kikombe bila kuonja. Na kama maziwa yameharibika, anayepaswa kusema ni yeye, si mgeni. Mimi nimewapa kitabu kizima na sikuonja. Kosa ni langu." Akachukua bunda lake la karatasi, akalifungua katikati. "Sasa naonja. Sikilizeni hii."

Akasoma. Ilikuwa sentensi kuhusu vimeng'enya. Ilianza vizuri, ikapanda mlima, ikashuka bondeni, ikapita mto, ikakutana na koma nyingine, na yeye mwenyewe akaishiwa pumzi kabla haijafika mwisho. Alishusha karatasi.

"Hii ni mbaya," alisema kwa sauti kubwa. "Ni mbaya sana! Nani aliandika hii? Huyu mtu ana watoto?"

Darasa lililipuka. Bethwel alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha, akijifuta machozi, akasema, "Madam, na ule mchoro wa ukurasa unaofuata… mimi nilidhani ni ramani ya reli ya kwenda Fort Ternan."

"Ni protini!"

"Sasa najua, Madam. Nilitafuta stesheni nikakosa."

Hapo mlango wa maoni ulikuwa umefunguka. Esnah akasema maswali ya mwisho wa sura hayana majibu popote. Mwingine akasema sura ya tatu inatumia maneno ambayo yanaelezwa katika sura ya saba. Mwingine akasema pini zinachoma vidole. Madam aliandika yote ubaoni, vikombe vikizunguka, na kila alipoandika uso wake ulizidi kung'aa, mpaka Zack akashindwa kuelewa kwa nini mtu afurahie kuchanwa hivyo.

Kikombe kikamfikia. Alionja. Ilikuwa chachu, baridi, yenye ladha ya moshi, na aliipenda kuliko alivyotarajia. Labda ndiyo iliyompa ujasiri. Alisimama.

"Madam, langu mimi ni sura ya uchachu."

"Ina nini?"

"Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kunywa mursik." Alihisi vichwa vikigeuka. "Kwetu hatuna. Nilikariri kibuyu kama nilivyokariri divai. Kwa wengine hapa, kitabu kinaongea nao. Kwangu mimi, sura hiyo ni… ni Jiwe, Madam. Ni Jiwe dogo."

Hata Bethwel aliangalia dawati. Madam alikaa na chaki mkononi, na Zack akakumbuka chungu cha mwenyeji, akatamani sakafu ipasuke.

"Muhula mzima ulinyamaza?" Madam aliuliza.

"Muhula mzima, Madam."

"Nami nilikuwa nikiwacheka watu wa divai!" Akajipiga paja, na kicheko chake kikatoka kwa nguvu hivi kwamba mfyeka nyasi wa chuo, aliyekuwa nje, akachungulia dirishani. "Haya, niambie. Kwenu nini huchacha?"

"Uji, Madam. Uji wa wimbi. Mama huloweka unga kwenye chungu."

"Na bakteria wanaofanya kazi hiyo?"

Zack alifikiri. "Ni jamaa wa hawa wa maziwa. Na asidi ni ile ile."

"Umesikia ulichosema? Sasa umeelewa sura. Hukuikariri." Akageukia ubao, akaandika kwa herufi kubwa kuliko zote: UJI WA WIMBI, halafu chini yake, NYUMBANI KWA ZACK.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Madam alifika kwenye laini akiwa na gambuti zake na mkebe wa maziwa. Mama Zack alimtazama kwa wasiwasi, kisha akatazama zile gambuti, zilizofanana kabisa na zake za kazini, na wasiwasi ukamtoka. Wawili hao walikaa jikoni hadi jua likaelekea magharibi. Zack, aliyeagizwa mara kuni, mara maji, hakupata nafasi ya kusikia walichocheka.

Safari hii maoni yaliyokwenda Nairobi yalijaza bahasha ikavimba. Mhariri alipiga simu kabla ya mwezi kwisha. "Sasa haya ndiyo maoni," alisema. "Mengine yameniuma mpaka mimi." Kamati ilikubali. Madam akapewa miezi michache ya kurekebisha, na sentensi ile ya vimeng'enya ikakatwa vipande vinne, kila kimoja kikapumua chenyewe.

Leo ni Ijumaa ya mwezi wa Julai, 1996. Katoni ya kwanza ya vitabu ilipakiwa kwenye treni jana jioni, Nairobi, ishuke Kipkelion asubuhi. Zack, Bethwel na Esnah wamefika stesheni na Madam tangu ukungu haujainuka. Treni imechelewa, na mkuu wa stesheni amechoka kuulizwa.

"Nitakuwa wa kwanza kupata kosa," Bethwel anasema, akirukaruka kwa baridi.

"Kwenye jalada hutapata," Esnah anamjibu.

"Nitaanzia jalada."

Mama Zack naye yupo. Ameomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza tangu mwanawe ajue kuhesabu, na amevaa nguo yake ya kanisani. Kiingereza hasomi, lakini ameambiwa kwamba katika sura ya uchachu kuna picha ya chungu chake, na anataka kujua kama walikichora sawa. Amemuuliza Madam mara kadhaa ni ukurasa wa ngapi. Madam hajui, hajakiona kitabu. Anatembea hadi ukingoni mwa jukwaa, anainama, anatazama reli inakopotelea kwenye kona ya kilima, anarudi.

"Imesikika?" Zack anamuuliza.

"Bado," anasema Madam. "Nyamazeni kidogo, nisikilize."