Mama Zuhura ameficha maharage bosi alipofika

Leo nimesalitiwa na mtu anayenipenda.

Mnajua ninavyoyasifia maharage ya nazi ya Mama Zuhura, mwenye mgahawa pale Mikumi. Leo nimesafiri na bosi mpya, ambaye wiki ijayo ataamua kama nathibitishwa kazini au naagwa. Tangu tunatoka Kilosa, hadithi yangu ilikuwa maharage tu. Bosi akacheka: "Haya kijana, tupeleke."

Mama Zuhura akaiona suti ya bosi.

"Maharage leo hakuna, mwanangu."

Akatuletea chipsi zilizolegea kwa mafuta, na paja la kuku gumu kama soli. Bosi alitafuna na kutafuna. Mimi nilimeza bila kutafuna, kwa woga.

Mara dereva wetu, niliyedhani amebaki garini, akatokea jikoni anafuta mdomo. "Bosi, kwa maharage haya mimi nahamia Mikumi!"

Bosi akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyaficha. Akaisukuma sahani pembeni, akaomba bili. (Afadhali angegomba.)

Nikamfuata Mama Zuhura jikoni. "Mama, umenifanya nini?"

"Nimekusitiri! Mkubwa wako nimlishe maharage kama mwanafunzi wa bweni?"

Akanifungia ya kwangu kwenye bakuli la plastiki. Njia nzima ya kurudi nimeyapakata, yananukia gari zima, na hakuna aliyeuliza.

Sasa niko nyumbani, nayatazama tu. Hamu ya kula sina.

Nishaurini ndugu zangu: kesho nikimwamkia bosi shikamoo, nimkabidhi na bakuli?