Shoga Yangu Aliyekwenda Kuhiji Mlimani

Wakati wa Mwingereza, pale Kisarawe, mbele ya nyumba yetu palikuwa na duka la Mhindi wa dini ya Kijaini. Mkewe alikuwa shoga yangu. Nilipoletwa pale bi harusi nilimpelekea muhogo. Akaupokea kwa mikono miwili, kisha akacheka, akaniambia wao hawali kitu cha kung'olewa ardhini, maana vidudu vingi hufa. Nikawa nampelekea bamia na kisamvu.

Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikufa kwa homa angali mdogo. Nilishinda na shoga yangu siku zile. Mimi pia nilikuwa nimeshazika mtoto.

Baada ya msiba ule hakutaka tena jambo lolote ila kwenda kuhiji kwao Gujarati, kwenye mlima uliojaa mahekalu ya mawe, ya kale mno. Watu huupanda miguu mitupu, alisema, na jua likielekea kuzama wote hushuka, hata makuhani. Hakuna mtu anayelala juu.

"Nikifika nitamwombea mwanangu," aliniambia. "Na wako nitamwombea."

"Mwombee, shoga."

Lakini vita vikaja, safari za meli zikawa za shida. Vilipokwisha, moyo wake ulikuwa umeanza kuugua. Siku ya kuondoka miguu ilikuwa imevimba, viatu havimwingii. Lori likingoja, akanishika mkono.

"Kama niliwahi kukuudhi, nisamehe."

Nikamjibu kama tunavyowajibu wanaokwenda Maka: "Nimekusamehe, nawe unisamehe."

Mumewe alirudi peke yake. Nilimwona anafungua mlango wa duka, nikavuka njia.

"Shemeji, mwenzako yuko wapi?"

Alikaa juu ya gunia la mchele kabla ya kujibu.

"Wako watu kule wanaowabeba wagonjwa kwa kiti. Alikataa. Alipanda, akipumzika, akipanda. Mahekalu tukayaona, dada, yako pale karibu. Jua likawa linashuka, wakatuambia turudi. Akasema, basi kesho tutaanza alfajiri. Alfajiri nilimwamsha, hakuamka."

Nilitaka kujua kaburi lake liko upande gani, nipate kuelekea huko nikimkumbuka.

"Sisi hatuziki," alisema taratibu. "Tulimchoma. Majivu yakaenda na maji."

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni. Mume wangu aliponikuta nalia aliniuliza amekufa nani. Nikamwambia, akakaa chini kando yangu.

Haukupita muda mrefu mzee yule akauza duka, akahamia Dar es Salaam. Walionunua walikuwa watu wema, wanasalimia vizuri. Lakini mimi, kwa miaka mingi, hata chumvi nilikwenda kununua duka la mbali.