Hema la Bertin

Kama umewahi kupeleka geti lako kuchomelewa kule mtaa wa Panda, unamfahamu Bertin. Ni fundi mwenye mikono mikubwa na mdomo usiopumzika. Humtania padri, humtania hata polisi. Mtu mmoja tu humnyamazisha: mama mkwe wake, Mama Madeleine, Mbemba halisi wa kabila la Wabemba. Kwa desturi ya nyumba yao, mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, wala hakai naye chini ya paa moja, mpaka siku upande wa mke utakapompikia na kumwingiza rasmi. Bertin ameoa miaka ishirini na miwili. Kila mwaka wajomba wa mkewe, Martine, walisema kuku hawajatosha. Mimi nasema walikuwa wavivu tu. Basi Bertin alimjua mama mkwe wake kwa miguu yake tu.

Tangu utotoni alikuwa na hamu moja: kulala hemani kando ya ziwa, kwenye miti na kimya, kama mainjinia aliowaona wakiondoka wikendi na mahema juu ya magari. Mwezi wa kumi mwaka jana akanunua hema, moja, rangi ya chungwa, akapanga siku mbili na Martine kwenye bustani ya miti kando ya ziwa, upande wa mto Lufira. Wiki nzima hakuna mteja aliyemaliza salamu kabla ya kusikia habari za hema hilo.

Jumamosi asubuhi, gari la kukodi likiwa mlangoni, Mama Madeleine akatokea na kikapu. Alitaka naye aone ziwa. Nani angemwambia hapana? Bertin alikaa mbele na dereva, shingo imekakamaa, macho barabarani mpaka mwisho wa safari.

Pale palikuwa pazuri kweli, maji yametulia, ndege tu ndio wanaongea. Bertin akapiga vigingi mwenyewe, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama hema lake, roho kwatu. Hajainama hata kuingia, mvua ya kwanza ya msimu ikashuka. Mama Madeleine ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Akaingia, Martine akamfuata. Bertin akabaki chini ya mti.

Martine alimwita mara mbili. Akajibu kwamba mvua ni ndogo, naye meno yanagongana. Martine alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Ndani, Mama Madeleine alivuta kikapu chake. Kisha akasema wajomba wawili wamekwisha kufa, wa tatu yuko Kolwezi na hapokei simu. Akafunua kikapu, akamega bukari, ugali wa kwao, akaweka samaki juu, akatoa mkono nje ya hema.

“Mukwe, shika. Minye njo nilipika, minye njo nakuingiza. Kuku itakuya nyuma.”

Yeye mwenyewe ndiye mpishi, yeye mwenyewe ndiye mwingizaji; kuku watafuata baadaye. Bertin aliutazama ule mkono uliokuwa ukilowa.

“Na bajomba, mama?”

“Bajomba habako mu mvula.”

Akapiga magoti kwenye tope, akapokea kwa mikono miwili, akala yote. Kisha akaingia hemani mwake, maji yakimchuruzika, na kwa mara ya kwanza akainua uso. Aliona kizee mdogo aliyejikunyata ndani ya kitenge, ameinamisha macho kwa haya, kama alivyoyainamisha miaka yote ishirini na miwili.

“Angalia, mama,” Bertin akamwambia. “Ni minye.”