Mama Aliyeligeuzia Duka Mgongo

Wiki iliyopita, nikiwa kwenye duka moja Makambako, alifika mama mmoja akasimama barazani na kuligeuzia duka mgongo. Sufuria alishaiagiza kwa WhatsApp na kuilipia kwa simu. Kilichobaki ni kuichukua.

"Karibu ndani mama, nje baridi," muuzaji akamwambia.

"Asante baba, siingii. Nikiingia humo natoka na vitu nisivyovipanga. Niletee hapahapa."

Akaipokea kwa mkono wa nyuma, bila kugeuka, kama mtu anayekwepa kumwona mkwe. Nilimheshimu. Mimi niliyefuata soksi tu nilikuwa tayari nimeshika mwavuli na chupa ya chai.

Sasa, ukiligeuzia duka mgongo, unatazamana na barabara. Na barabarani alisimama mmachinga wa makamo, mablanketi yamemjaa mabegani. Mama akagusa moja, akalipapasa, akalinusa. Akalinunua, akaifungia sufuria humo, akaondoka.

"Huyo kakuponyoka," nikamtania muuzaji.

Wala hakuinua macho. "Yule wa mablanketi anauza mzigo wangu," akasema, akinifungia mwavuli. "Siku hizi wateja wengi hawapendi kuingia ndani."