Zamoyoni Anawarudisha Watu wa Lunaga Makwao

Saa moja asubuhi, nyumbani kwake Ngokolo mjini Shinyanga, Zamoyoni Sabiti ameinamia meza ya chakula akiwa na wembe mkononi. Anakwangua nyumba kutoka kwenye ramani, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Mwanne, usifagie kwanza. Vumbi."

"Nimesimama, Baba Mwaisha. Hata kupumua nimeacha," anajibu mkewe, na kweli amesimama mlangoni na ufagio wake.

Nchi iliyo mezani haipo duniani. Inaitwa Lunaga, nayo imo katika hadithi ya watoto iliyotungwa na Klara Ngassa, muuguzi wa Kolandoto. Huko watu huchunga mawingu kama ng'ombe, na jioni kila wingu hulala kando ya nyumba ya mwenyewe. Mchapishaji wa Dar es Salaam ameikubali hadithi, ila anataka ramani kabla Juni hii ya 1984 haijaisha.

Zamoyoni, mwenye miaka hamsini na miwili, ni mchora ramani wa serikali tangu 1961. Siku hizi karatasi ngumu ya kuchorea, ile inayopitisha mwanga, haionekani madukani wala ofisini. Hii moja alipewa na Donatus, mwenzake aliyestaafu, aliyekuwa ameihifadhi chini ya godoro.

"Nilitaka kuchorea nyumba yangu," Donatus alimwambia, "lakini mawingu ya Klara yana haraka kuliko mimi."

Jumapili iliyopita Klara alikuja kuiona kazi. Akatazama, akashika kiuno.

"Baba Mwaisha! Umewahamisha watu wangu!"

Nyumba zote za Lunaga zilikuwa zimejipanga mistari miwili kando ya barabara, kama vijiji alivyochora Zamoyoni mwaka 1974, watu walipotolewa makwao wakakusanywa pamoja.

"Mkono ulikwenda wenyewe," Zamoyoni alijitetea. "Nilichora vile mpaka vidole vikazoea."

"Sasa mawingu yatalala wapi?" Klara alimuuliza. "Si yatabanana, yanyeshe barabarani?"

Walicheka mpaka Mwanne akaja kuuliza kuna nini.

Lakini wino huu haufutiki kwa raba. Wembe ukizama kidogo tu, karatasi inatoboka, na nyingine hakuna. Klara alipoona hivyo alisema basi, aiache, yeye atabadilisha hadithi. Zamoyoni akakataa.

"Hawa nawarudisha," anasema. "Wale wengine sikuwa na uwezo."

Leo imebaki nyumba moja, ya bibi mwenye wingu jeusi. Klara, aliyetoka zamu ya usiku, ameketi pembeni na chai ambayo Mwanne amemwekea sukari yote iliyobaki.

Wembe unapita mara ya mwisho. Zamoyoni anaiinua karatasi dirishani. Mwanga umeenea sawasawa, tundu hakuna. Anachukua kalamu, anamchorea bibi nyumba yake kule mlimani, na nafasi kubwa kando yake.

"Wabeja, baba," Klara anamshukuru kwa Kisukuma.

Mwezi ujao Zamoyoni ana likizo. Atakwenda karibu na Songwa, kwa mama yake, Mwahija, aliyehamishwa mwaka ule ule wa 1974.

"Nataka anionyeshe nyumba yetu ilikuwa wapi, na ya jirani, na kisima. Nitachora nyuma ya kalenda, haidhuru," anasema. "Mpaka leo mama akisema nyumbani, ananyoosha mkono upande ule."