Kaseti ya Mwalimu Paluku

Niliondoka Butembo Alhamisi kwa sababu siku moja kabla Mama Masika alinipigia simu kutoka Beni, nami nikakosa ujasiri wa kumwambia ukweli. Binti yake, Masika, alikuwa anaolewa Jumamosi na kupelekwa Kamango, karibu na mpaka wa Uganda. Barabara ya Kamango, kwa ajili ya waasi, si ya kwenda na kurudi upendavyo. Msichana anayeolewa huko siku hizi huagwa sawasawa, maana hakuna ajuaye ataonekana tena lini.

"Muhindo, ulete ile kaseti ya baba yake," aliniambia. "Ama ile flash ulisema utatengeneza. Mutoto anataka kusikia sauti ya papa yake mbele ya kuenda. Hata siku moja hajaisikia, unajua, redio yetu ya kaseti iliharibika zamani."

"Nitaleta, mama," nikasema, nikakata simu, nikakaa kitako kati ya redio za watu.

Mimi ni fundi wa redio na simu pale mtaa wa Vulamba, Butembo, lakini ugonjwa wangu ni kukusanya jazi na bluzi. Santuri zilizoliwa na mende, kaseti za mapadri waliorudi kwao, chochote chenye gitaa la huzuni au tarumbeta iliyozibwa mdomo, nipe. Watu huja kibandani kuniuliza wasikilize nini, nami huwaandikia kama daktari aandikavyo dawa. Wewe umefiwa, chukua huyu mzee wa gitaa moja. Wewe umegombana na mkeo, chukua hii ya piano, usiku utapatana naye. Najivunia kazi hiyo, sikatai.

Miaka mitatu iliyopita nilisikia kuna mjane Beni mwenye kaseti ambayo marehemu mumewe, Mwalimu Paluku, aliirekodi kwa maikrofoni kutoka redio ya masafa mafupi. Nilimfuata mbio. Aliniazima kwa sharti moja, kwamba nimtolee Masika nakala. Nafikiri siku ile alinieleza pia kuwa mumewe anasikika akizungumza katikati ya nyimbo. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nasoma mwandiko wa mwalimu kwenye kijikaratasi cha kaseti, moyo ukinidunda kama wa mwizi.

Nyumbani niliiingiza kaseti kwenye kompyuta. Utepe ulikuwa umeota ukungu. Ukapita mara moja. Mara ya pili ukajisokota na kukatika vipande visivyoungika. Sikusikitika, kwani muziki nilikuwa nimeshaupata. Kisha nikausafisha. Kila palipokuwa na mtu anayesema juu ya muziki au kati ya wimbo na wimbo, nilikata. Nakala yenye maneno nikaifuta ili nipate nafasi ya mambo mengine. Nilibaki na nyimbo tisa safi kabisa, nikazisifu kwa kila mteja, na leo zimo katika simu nyingi za Vulamba. Hizo tisa ndizo nilizokuwa nazo mfukoni Alhamisi ile. Sauti ya Mwalimu Paluku haikuwamo.

Saa moja asubuhi gari letu lilitoka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara ilikuwa tope jekundu. Kando yangu alikaa mama mmoja aliyesali rozari bila kupumzika, na nilitamani aniombee na mimi, lakini ningemwambia nini? Kwamba naenda harusini na mikono mitupu? Nilijaribu kupanga maneno. Nikaanza na utepe mbovu, nikaona ni uongo nusu. Nikaanza na nafasi kwenye kompyuta, nikaona aibu.

Baada ya Maboya tulianza kupishana na watu waendao kwa miguu upande tuliotoka. Wanawake walibeba magodoro kichwani, na wanaume walivuta mbuzi. Hakuna aliyetupungia mkono. Dereva alisema tu, "Hawa walilala mu njia," akaongeza mwendo. Pale Kabasha nyumba kadhaa zilikuwa zimepigiliwa mbao milangoni. Hata redio haikulia mahali popote, na mimi ni mtu ninayesikia redio kabla sijaiona nyumba.

Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Askari mmoja kijana alitazama vitambulisho vyetu, kisha akafungua mfuko wangu na kukuta bafle yangu ndogo, spika ya kuchomeka flash.

"Papa, hii ni ya nini?"

"Ya miziki, chef."

"Liza tusikie, alors."

Nikaweka flash na kuwasha wimbo wa kwanza. Alisimama kwenye matope akisikiliza, bunduki begani, na uso wake ukabadilika.

"Papa, hii ni miziki ya matanga," alisema. "Nani alikufa?"

"Hapana mutu," nilijibu. Akanirudishia mfuko polepole, kama mtu asiyeamini, akatupungia tupite.

Saa tano tuliingia Beni, nami nikapanda pikipiki mpaka mtaa wa Bungulu. Mama Masika alikuwa uani, anakausha mihogo kwenye turubai, amezeeka kuliko nilivyomwacha.

"Wasibire, mama," nilimsalimu kwa Kinande.

"Muhindo! Ulikuya kweli!" Alinishika mikono miwili. "Masika, kuya uone! Ndiyo huyu papa wa kaseti ya papa yako!"

Masika alitoka ndani, nywele nusu zimesukwa, nusu bado. Ni msichana mrefu, mtulivu. Baba yake alikufa kwa homa ya ini kabla yeye hajajua kutembea, na kwa kuwa ni mtoto wa pekee, hakuna kaka wala dada wa kumsimulia. Picha ya mwalimu ipo moja, ukutani, amefumba macho kwa sababu ya jua. Walinipa fufu na sombe ya majani ya mihogo. Nilikula kama mgonjwa, wakacheka wakasema watu wa Butembo wana tumbo dogo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilijiambia, sema sasa. Nikaomba maji ya kunywa.

Baada ya kula tulikaa sebuleni watu watatu. Masika aliweka bafle mezani mbele yake, akafunga dirisha ili kelele za barabarani zisiingie. Wimbo wa kwanza ukaanza, yule mzee wa gitaa moja. Alisikiliza ameinama. Ukaja wa pili, wa tarumbeta. Ukaja wa tatu.

"Sauti ya papa inakuya saa gani?" aliuliza.

Naandika hili nikiona haya: niliuacha wimbo wa nne ukapigwa wote, na wa tano ukaanza, na yule msichana bado anangoja, kila wimbo unapokwisha anainua kidogo kichwa. Kwenye wa tano nilizima.

"Masika, mama, munisikie," nilisema. "Sauti yake hakuna. Nilikata."

"Ulikata namna gani?" Mama Masika aliuliza.

Nikaeleza yote, utepe, kompyuta, nakala niliyoifuta. Nilisema nilitaka muziki uwe safi. Neno hilo lilitoka kinywani likanichoma mimi mwenyewe.

"Bon," alisema. "Iliisha kupotea. Lakini weye ulisikia, Muhindo. Utuambie basi alikuwa anasema nini."

Hapo ningeweza kubuni. Najua watu wanavyotangaza nyimbo, ningemtungia mwalimu maneno matamu na wangeyapokea kwa machozi. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwibia marehemu sauti.

"Sijue, mama. Sikusikia. Ku kompyuta muziki inaonekana kama milima, na sauti ya mutu inaonekana kama vichuguu vidogovidogo. Nilikuwa naangalia tu, fasi kuna kichuguu, nakata. Nilikata na macho."

Akamgeukia binti yake, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mimi sipo:

"Meno yako ilikuwa inatoka, Masika. Ulikuwa unalia sana. Papa yako alikuwa anakupakata na mukono moja, ule mwingine iko ku redio. Anakuambia: 'Masika, sikia huyu muzee wa gitaa, anakushinda kulia, na yeye iko na sababu.' Unanyamaza, unaangalia redio. Ingine inafika, anakuambia: 'Hii ya tarumbeta ni ya kulala, funga macho.' Kila wimbo alikuwa anakuelezea. Batu walizania anajifanya mutangazaji. Hapana. Ni na weye alikuwa anasema."

Nilidhani miaka yote mwalimu alikuwa mkusanyaji kama mimi. Kumbe kaseti nzima ilikuwa ya mtoto mmoja anayeota meno.

Masika hakulia. Alivuta bafle, akaiweka sikioni na kuurudisha muziki mpaka mwanzo wa wimbo wa pili. Akausikiliza mwanzo huo mara tatu, mara nne. Kisha akampa mama yake.

"Hapa, mama. Mbele ya tarumbeta. Ni yeye?"

Mama alisikiliza, mkono mdomoni. "Ni yeye. Kifua yake ilikuwa inafanya vile."

Nikaomba na mimi nisikie. Ilikuwa pumzi moja, fupi, ya mtu anayetaka kuanza kusema. Sikuwa nimeikata kwa sababu kwenye kompyuta haikuonekana.

"Anavuta pumuzi," Masika aliniambia, bila hasira yoyote. "Anataka kuniambia. Kisha unamukata, papa Muhindo."

Sikuthubutu kungoja harusi; Ijumaa asubuhi Mama Masika alinisindikiza mpaka barabarani. Flash ilibaki kwa Masika, na bafle pia. Nilimwomba mama msamaha, pale pale mbele ya wapita njia.

"Nilisha kukusamehe," alisema. "Lakini hiyo itamusaidia Masika na nini?"

Aliniambia wasingya, asante, kwa kufika, akarudi kusuka nywele za binti yake zilizobaki. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Mchana nilikuwa njiani kurudi, mvua inapiga vioo. Nilikuwa na huzuni ambayo hakuna wimbo ninaoujua wa kuitibu, mimi niliyewaandikia dawa watu wote wa mtaa. Nilichojifunza naweza kukisema kwa maneno machache: nilikuwa mkusanyaji tu, na kusikiliza sikuwahi kuanza.

Jioni, Butembo, nilichukua daftari nikaandika kaseti zote za watu nilizozisafisha namna ile. Zilijaa ukurasa na kuvuka upande wa pili. Ya kwanza ni ya mzee Kakule, ambaye marehemu mkewe alikuwa anaosha vyombo na kuimba juu ya bluzi wakati kaseti inarekodiwa. Nilimwondoa mke huyo na sahani zake, na nakala yenye sauti yake nikaifuta pia. Mzee Kakule anakaa nyumba tatu kutoka kwangu, na bado anangoja flash yake. Leo asubuhi amenisalimu akaniuliza kama iko tayari. Nimemwambia kesho.